Mume Wangu Anasomwa Moyo Kamukuywa

Admin, jina langu weka mbali, mume wangu pia hupitia hapa. Nina miaka thelathini na minne, tunaishi Kibomet, Kitale. Mimi hushona nguo, yeye ni fundi wa mbao. Tuna mtoto mmoja, msichana.

Mume wangu si mtu wa maneno. Ukimuuliza siku ilikuwaje, atasema "poa", basi. Nilishazoea. Lakini tangu Januari, kila Jumamosi anaenda Kamukuywa kwa mwanamke anayedai kusoma mawazo ya watu. Ati anakushika mkono, anafumba macho, anakwambia yaliyo moyoni mwako. Akirudi huwa amechangamka, anapiga mluzi akivua viatu. "Yule mama ananijua, bana! Hata sijafungua mdomo." Miaka kumi ya ndoa, anayemjua ni mtu wa Kamukuywa! Wivu ulinishika.

Jumatano nikajifunga kitambaa, nikaenda mwenyewe na jina la uongo. Nilitaka kumuumbua. Nilitarajia mrembo, nikakuta mama wa makamo mwenye malapa, anachambua maharagwe. Huyu ndiye? Akanishika mkono, akaniangalia sana usoni.

"Una wivu na mwanamke fulani," akasema. Nikacheka kimoyomoyo, hilo hata mimi ningelisema. Halafu akaongeza, "Na hiyo kofia ya mtoto, si uitoe huko chini ya gunia la mbegu? Mbona unalia peke yako?"

Nilivuta mkono. Kifungua mimba wetu alifariki akiwa na wiki tatu. Mume wangu alimzika, kesho yake akarudi kazini, na hatujawahi kumtaja tena. Kofia yake niliificha stoo, nikidhani ni siri yangu na Mungu. Kumbe mume wangu aliiona, na kilio changu alikisikia. Na picha yangu iko kwenye simu yake, bila shaka alimwonyesha huyu mama, ndiyo maana amenitambua.

"Nani amekuambia?" nikamuuliza.

Akarudia maharagwe yake. "Mama, bwana yako analia sana hapa. Mimi namsikiza tu."

Ndugu zangu, angekuwa analala naye ningejua pa kuanzia ugomvi. Lakini amempa kilio cha mtoto wetu, mimi mama yake sijapewa hata chozi moja. Nina wivu mpaka cherehani naikanyaga bila uzi.

Kesho ni Jumamosi, na shati lake ameshalipiga pasi. Nishaurini, mwanaume anaambiwaje aje alie nyumbani?