Mvinyo wa Zabibu Zilizooza

Nilipotaka kuoa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, niligundua kwamba mila zetu zilifika Birmingham kabla yangu na zilikuwa zimeshapata chumba cha kupanga. Mchumba wangu alikuwa muuguzi. Badala ya baba yake aliyebaki Kenya, alisimama baba yake mdogo, mzee wa mtaa wa Winson Green aliyefunga tai hata akienda kununua maziwa. Mzee alitaka pombe ya asali. Kwetu binti hupewa ya kwanza. Akionja na kumpa mzazi, amekubali kuolewa. Mzazi akiikataa pombe, amekukataa na wewe.

Kulikuwa na kasoro ndogo tu: mchumba alikuwa ameokoka. Aliimba kwaya kila Jumapili, na aliwahi kumwaga dawa ya kikohozi kwenye sinki kwa sababu ilinuka kileo. Nilimweleza habari ya pombe. Akaniambia atamwomba Mungu, jibu ambalo halimsaidii mtu kulala.

Nilichachusha asali kwenye ndoo jikoni kwangu, Balsall Heath. Ikawa siki, na paka wa jirani akahama. Mwenye nyumba wangu, Mhungaria niliyefanya naye kazi kiwandani Tyseley, alinionea huruma akatoa chupa moja ya mvinyo mtamu wa kwao, wenye rangi ya samli iliyoyeyuka. Kabla hajanikabidhi, ilinibidi nisikilize mhadhara.

Zabibu, alisema, huachwa kwenye mizabibu mpaka mwisho wa vuli, wakati ukungu wa mtoni unapozilowesha asubuhi na jua linapozikausha mchana. Zinaota kuvu, zinasinyaa, zinaoza. Kwetu hapo ungemtafuta mwenye shamba umkemee. Kwao wanaita wachumaji, nao huchuma zile zilizooza tu, moja moja, kwa vidole, na kuzijaza kwenye vikapu vya kubeba mgongoni. Kisha huzilowesha kwenye maji ya zabibu nzima, huzikamua, na kuufungia mvinyo kwenye mapipa miaka kadhaa, ndani ya mahandaki ambayo kuta zake nazo, bila shaka, zimeota kuvu. Kadiri vikapu vya zabibu mbovu vinavyozidi, ndivyo utamu na sifa zinavyozidi. Nilimuuliza unanywewa na nini. Akasema, kwa uso mkavu kabisa, na jibini yenye kuvu.

Alinimiminia kijiko kimoja katika glasi ndogo kama ya dawa ya macho. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Ulikuwa na ladha ya asali na maganda ya chungwa, na nyuma yake uchachu uliofanya ulimi udai tena. Nikairamba glasi.

Siku ya posa nikafanya kosa la mkwe yeyote wa kwetu: nikaisifia pombe kwa kueleza jasho la aliyeitengeneza. Nilieleza vizuri mno. Nilipofika kwenye kuvu, mzee aliweka mezani glasi aliyokuwa akiikagua kabla ya kumpa binti.

“Kijana, umetuletea matunda yameoza? Kwa meeting serious kama hii?”

“Mzee, hiyo ndiyo special yao.”

“Special ya kuoza! Kwa binti yetu!”

Wazee wenzake wawili wakatikisa vichwa, wakachukua kofia zao. Nilitazama sakafu. Miaka miwili ya uchumba ilikuwa inatoka mlangoni na kofia, na ulimi wangu ndio uliokuwa umeifungulia mlango.

Mchumba wangu aliinuka, akaichukua ile glasi. Hakuonja. Alikunywa nusu nzima, macho wazi, akamnyooshea mzee iliyobaki.

“Baba, mimi nimekunywa. Sasa ni turn yako.”

Mzee alikunywa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama chupa imekwisha.

Jumapili iliyofuata mchumba wangu alisimama kanisani, akaungama mwenyewe mbele ya watu wote kwamba alikunywa mvinyo. Kanuni niliijua: anayejuta husamehewa, na huimba siku hiyohiyo. Mzee wa kanisa akamuuliza kwa upole kama anajuta. Akasema hajuti. Akavua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaja kukaa nami benchi la nyuma.