Chuo Alichosema Kilimkataa

Watu wa kijiji cha Shoshong wakimtaja Keneilwe Moatlhodi husema, "yule wa hesabu." Jina hilo alilipata kidato cha tatu, siku aliyomsahihisha mwalimu ubaoni mbele ya darasa zima. Mwalimu mwenyewe, Rre Mokwadi, yaani Bwana Mokwadi, badala ya kukasirika aliweka chaki chini akapiga makofi. Tangu hapo alimchukulia kama mwanawe wa kumzaa. Alimtafutia vitabu ambavyo shule haikuwa navyo, na msichana alipokaribia kumaliza kidato cha tano, mwalimu aliandikia chuo kikuu cha mji mkuu barua tatu mfululizo, mpaka wakakubali kumwita kwenye usaili wa uhandisi.

Keneilwe naye, kwa tahadhari tu, aliomba nafasi katika chuo cha ualimu cha Motswedi, saa moja kwa basi kutoka nyumbani. Vyuo vyote viwili vilimwita wiki ileile moja.

Mjini, profesa mmoja mwanamke alimpa swali la daraja linalotikiswa na upepo. Keneilwe akazama humo mpaka akasahau kwamba yuko kwenye usaili. Alipoinua kichwa, saa nzima ilikuwa imepita na profesa alikuwa anatabasamu. Lakini ulipofika wakati wa chakula, wasichana waliosoma shule za kulipia walimuuliza ametoka wapi.

"Shoshong? Huko mmeshaanza kuvaa viatu, au bado?"

Wakacheka, kisha wakaendelea na Kiingereza chao cha puani. Huenda hawakuwa na ubaya wowote. Keneilwe alikula peke yake kwenye ngazi, akitazama viatu vyake alivyoazima kwa shangazi.

Kule Motswedi mkufunzi alinakili ubaoni, kutoka kwenye daftari lililochakaa, hesabu ambazo Keneilwe alizimaliza kidato cha tatu. Ila kwenye bwalo msichana mmoja mnene, Gofaone, alimvuta mkono.

"We mgeni, mbona unadonoa kama kuku wa jirani? Ongeza nyama, mwenzangu, hapa hatupimi!"

Mpaka jioni alikuwa ameshaimba na kwaya yao na kuitwa kwa jina la utani. Alirudi nyumbani mbavu zikimuuma kwa kicheko.

Vyote viwili vikamkubali. Barua ya chuo kikuu aliichukua posta mwenyewe, akaisoma mara mbili, akaitia motoni chini ya sufuria ya mboga. Kesho yake akaenda kwa mwalimu.

"Wamenikataa, Mwalimu."

Rre Mokwadi alimvutia kiti. "Wametoa sababu?"

"Hapana."

"Basi nitawapigia simu."

"Tafadhali usipige. Utanitia aibu zaidi."

Mwalimu akamshika bega. "Usilie, mwanangu. Hawatutaki sisi watu wa vijijini, ndiyo maana." Na Keneilwe, aliyekuwa analia kwa sababu nyingine kabisa, akamwacha aamini hivyo.

Miaka miwili ya Motswedi ilikuwa mizuri, hana haja ya kusema uongo. Alipata marafiki wa kufa na kuzikana. Hesabu hazikumpa kazi, alizipita kama mtu anayeruka mtaro. Lakini kila Rre Mokwadi alipomtumia salamu, alichelewa kuzijibu.

Mwaka wa tatu alipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule yake ileile. Wiki ya kwanza aliingia duka la pembejeo, lililouza pia vifaa vya shule, kununua chaki za rangi, akamkuta binti mwembamba akipima chakula cha kuku. Mteja alitaja mifuko na bei zake, na kabla hajamaliza, binti alishampa jumla. Hakugusa kikokotoo.

"Wewe nani amekufundisha?" Keneilwe akauliza.

"Rre Mokwadi. Naitwa Tshenolo. Wewe si dada Keneilwe? Mwalimu anakutaja kila mwaka."

"Ananitaja vipi?"

"Anasema kama wewe walikukataa, sisi wengine tusijisumbue. Kwa hiyo sikuomba."

Keneilwe alitoka dukani bila chaki. Usingizi ulimpaa usiku ule. Alikuwa amejiambia siku zote kwamba uongo wake haukumdhuru mtu ila yeye mwenyewe.

Alimkuta mwalimu darasani baada ya vipindi, anafuta ubao.

"Mwalimu, chuo kikuu kilinikubali. Barua niliichoma."

Mkono wa mzee ulisimama. Akaketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigonga mbao.

"Miaka yote hii nimewatukana watu wasio na kosa," akasema. "Kwa nini hukuniambia tu kwamba hukupapenda?"

"Ungenishawishi niende."

"Ndiyo, ningekushawishi. Ningekosea?"

"Sijui, Mwalimu. Mpaka leo sijui."

"Ulikuwa unaniogopa?"

"Si kwa ukali. Nilikuogopa kwa wema wako."

Mwalimu akainuka, akaweka kifutio chini. Alisema tu, "Kesho tutakwenda kwa Tshenolo. Utakayesema ni wewe."

Wakaenda. Keneilwe alisimama kati ya magunia akaeleza yote, viatu na kila kitu. Tshenolo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi napima pumba hapa kwa sababu wewe ulichekwa viatu?"

"Ndiyo."

"Haya," binti akasema, akigeukia mizani yake. "Nileteeni hizo fomu."

Keneilwe alimsaidia kuzijaza, na Rre Mokwadi akaandika barua, safari hii ikianza kwa kuomba radhi. Tshenolo aliingia chuo kikuu mwaka uliofuata, nyuma ya wenzake wa rika. Keneilwe aliajiriwa palepale shuleni. Rre Mokwadi hakumnunia hata siku moja. Walinywa chai chumba kimoja, wakagawana vipindi. Ila "mwanangu" hakumwita tena. Alimwita Mma Moatlhodi, yaani Bibi Moatlhodi, kama alivyowaita walimu wengine wote wa kike.

Likizo ya kwanza Tshenolo alikuja kumtembelea.

"Dada, watu wa kule wanajisikia! Mwezi mzima sikupata wa kunisalimu. Mara mbili nilifunga sanduku nirudi."

"Ukabaki?"

"Nikabaki. Hebu ona hii." Akafungua daftari lililojaa hesabu za maji yanavyopita kwenye mabomba.

Keneilwe aliufuata ukurasa wa kwanza vizuri. Katikati ya wa pili akapotea. Alirudi nyuma, akajaribu tena, akapotea palepale. Tshenolo akavuta kiti karibu.

"Nikueleze?"

"Nieleze," akasema Keneilwe, na akatafuta kalamu.