Boti Iliyoachana na Mkia Wake

Gunnvor Isaksen, mzaliwa wa Tromsø, anasoma picha za rada tangu alipomaliza chuo, na hajawahi kuona boti inayotembea ikichorwa mahali ilipo. Rada ya setilaiti huchora kila kitu kana kwamba kimetulia. Mkia wa povu unabaki mahali pake majini. Boti iliyouacha inachorwa mita mia kadhaa pembeni. Kazi ya Gunnvor ni kuirudisha.

Setilaiti ina antena mbili zinazofuatana. Picha ya moja ikitolewa kwenye picha ya nyingine, kilichotulia kinafutika, kinachotembea kinabaki, na mwendo wake unapimika. Ukishajua mwendo, unajua boti imesogezwa kiasi gani.

Jumatatu moja ya Machi aliiona Solbris, boti ya nahodha Torleif Hanssen, ukingoni mwa eneo la kusini lililofungwa kwa sababu samaki wanataga. Kifaa chake cha kutangaza mahali ilipo kilikuwa kimya; barafu, pengine. Gunnvor akaisahihisha, ikaangukia ndani ya mpaka. Akapeleka taarifa kwa wakaguzi wa uvuvi, nao wakapanga kuisubiri gatini alasiri. Kwa kosa hilo nahodha hunyang'anywa kibali cha msimu mzima.

Saa tano watu wa ofisini walifungua mikate yao ya jibini ya kahawia. Sindre, wa meza ya pili, alisimama nyuma yake na kikombe.

"Boti yako imeachana na mkia."

"Zote huachana. Ndicho tunacholipiwa."

"Huachana kabla hujazigusa. Hii umeshaisahihisha, dada, na imezidi kukimbia."

Gunnvor aliweka mkate chini. Mkia ulikuwa mstari hafifu, upande wa kaskazini. Yeye alikuwa ameisukuma boti kusini.

Setilaiti ya asubuhi hushuka kutoka kaskazini, ya jioni hupanda kutoka kusini, na makosa yao huelekea pande tofauti. Programu ilikuwa bado na mpangilio wa Ijumaa jioni. Akaubadili. Solbris ikakaa kwenye ncha ya mkia wake, nje ya mpaka.

"Wapigie," Sindre alisema.

"Nipime tena kwanza."

Alipima tena, kisha akapiga simu. Mkaguzi aliyepokea anaitwa Bergljot, si mtu wa maneno mengi.

"Una hakika?"

"Ninayo."

"Asubuhi pia ulikuwa nayo."

"Asubuhi sikuutazama mkia. Nakutumia picha zote mbili, uone mwenyewe."

Bergljot akazifungua. "Haya, nimeziona. Basi hatutoki. Na huko nje kuna baridi ya kukata masikio."

Alhamisi Gunnvor alimkuta Torleif dukani, mbele yake kwenye foleni. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote, na angeweza kuachwa hivyo hivyo.

"Nahodha, Jumatatu niliwaambia wakaguzi kwamba uko ndani ya eneo lililofungwa."

Torleif aligeuka polepole. "Wewe?"

"Mimi. Niliisogeza boti yako upande usio wake. Baadaye nikarekebisha."

"Na sasa niko wapi?"

"Uko nje."

Torleif aliweka pakiti yake ya kahawa mbele ya muuzaji, akatafuta kadi mfukoni.

"Nilikuwa nje tangu mwanzo, Gunnvor," alisema, akalipa. Kisha akamsubiri mlangoni, wakatoka pamoja.