Kiti cha Nyuma cha Mjerumani

Enzi zetu Kitengela haikuwa na magorofa. Ilikuwa na punda milia. Nikiwaambia watoto wangu hivyo wanacheka, wanadhani mama yao ameanza kuchanganyikiwa, lakini wewe uliyekulia huko miaka ya tisini unajua sidanganyi. Asubuhi ukienda shule ulipishana na nyumbu, na hakuna aliyeshtuka, si wewe si wao. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulishika viatu mpaka ukaingia darasani ukiwa mrefu kuliko mwalimu. Maji yaliletwa na mkokoteni wa punda, na stima tuliiona kwa mbali ikimetameta upande wa Athi River, kama mali ya watu wengine.

Tulicheza kati ya kukwepa mpira, tukaruka bladda, ile kamba ya mpira, tukapigwa na mtu mzima yeyote aliyetukuta tukifanya ujinga, halafu tukifika nyumbani tunapigwa tena kwa kumchosha yule aliyetupiga. Mzee wa Kimaasai akipita, ulikimbia ukamwinamishia kichwa akuguse. Hakuna aliyeuliza huyu ni mtoto wa kabila gani. Sisi tulikuwa watu wa Kitui, na Mama hakutaka tusahau, kwa hivyo muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ililiwa kwetu mpaka tukaota muthokoi. Chapati ilikuwa ya Krismasi. Au ya wageni. Mgeni akibisha, hata kama wewe ulikuwa umeshaosha mikono, ulirudi nyuma ukangoja ashibe. Watoto wa siku hizi wanafungua friji kabla hata hawajasalimia. Sisi friji tuliiona kwenye picha.

Lakini kwetu kulikuwa na kitu ambacho watoto wengine hawakuwa nacho. Tulikuwa na Mjerumani.

Mjerumani alikuwa pikipiki. Si hivi vipikipiki vya leo vinavyolia kama mbu. Ilikuwa pikipiki ya safari ndefu, ya zamani, iliyoundwa Ujerumani kabla Baba hajaoa: kioo kikubwa mbele cha kukinga upepo, tangi pana kama tumbo la diwani, na masanduku mawili ya chuma ubavuni. Mzungu mmoja mwalimu na bibi yake walikuwa wameizungusha nchi sijui ngapi. Ikawafia karibu na boma la Mzee Lekishon, rafiki ya Baba. Mzungu akasema atarudi kuichukua. Mpaka leo tunamngoja. Kuku wakataga ndani ya masanduku, mbuzi wakatafuna kiti, na siku moja Mzee Lekishon akamwambia Baba, "Baba Mwende, kuja uchukue hii chuma. Ng'ombe yangu inakataa kupita hapo."

Mwende ni mimi. Nakumbuka Mjerumani akifika kwetu juu ya mkokoteni wa punda, amelala ubavu kama mgonjwa. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akaangalia. Akazunguka. Akasema, "Ai, Baba Mwende! Wanaume wengine wanaleta ng'ombe nyumbani. Wewe unaleta mifupa."

Baba akacheka. "Hii mifupa itasimama. Na siku ikisimama, wewe ndio wa kwanza kukaa nyuma. Nitakupeleka Ilbisil, kule mbele ya Kajiado, uone mlima."

Mama akashusha mwiko. Alijua ni mlima gani. Tangu akiwa msichana mdogo Kitui alikuwa amesoma habari za Kilimanjaro shuleni, na theluji yake, na hakuwahi kuamini kabisa. Barafu, juu ya nchi yenye jua hivi? Mzee Lekishon alikuwa amemwambia kwamba ukiwa Ilbisil asubuhi kama hakuna mawingu, mlima unaonekana wote, kama ng'ombe mweupe amelala. Mama aliutamani ule mlima jinsi wanawake wengine wanavyotamani leso. Hakuomba kitu kingine kwa Baba, na mimi nilikuwa mkubwa kiasi cha kusikia. Hakuomba sofa, hakuomba saa. Aliomba mlima.

Baba alikuwa fundi wa mitambo kiwandani Athi River, na kila Jumamosi mchana alitandaza gunia chini akamfungua Mjerumani kipande kwa kipande. Sisi tulikatazwa kupita karibu, tukapita. Hata leo nikisikia harufu ya petroli na grisi, nasikia njaa, kwa sababu harufu hiyo kwetu ilichanganyika na ya chakula cha Jumamosi. Kabureta ilioshwa ndani ya sufuria ya Mama, na vita vilivyofuata majirani walivisikia. Gasketi alizikata mwenyewe kwa makasi kutoka kwenye karatasi ngumu. Ringi za pistoni alizunguka kuzitafuta Nairobi mpaka mafundi wa huko wakamjua kwa jina. Kiti kilishonwa upya na fundi viatu wa Rongai, ngozi nyeusi, nyuzi nyeupe, kazi safi. Watu walimwambia afungie waya hapa, apige gundi pale, aanze kupanda. "Cha kuungaunga sitaki," alisema. "Huyu atambeba mke wangu."

Ndiyo maana ilichukua miaka. Sisi watoto hatukujali. Mjerumani alisimama juu ya mawe bila magurudumu, na mimi na mdogo wangu Ndinda tulisafiri naye kila siku baada ya shule. Mimi dereva, Ndinda nyuma amenikumbatia. Tulifika Arusha. Tulifika Kairo. Ndinda alitapika Kairo, kwa sababu tulikuwa tumekula ndimu na chumvi. Mama alikuwa akianika nguo kwenye hendeli, na mara nyingine nilimkuta ameketi kwenye kile kiti cha nyuma, anachambua mchele, anaangalia upande wa Kajiado.

Siku Mjerumani alipoamka, Baba alipiga kiki mpaka jasho likamtoka, na ghafla, du-du-du-du, ule mlio mzito ukatingisha mabati. Mbwa wakakimbia. Kuku wakaruka. Baba alitoa machozi akasingizia moshi. Mama alipiga vigelegele, akaingia ndani kutafuta kitambaa cha kichwa.

Basi wangeondoka hapo hapo! Lakini nani angekubali? Wewe unatujua. Kwetu gari halitoki, pikipiki haitoki, hata baiskeli mpya haitoki kabla haijaombewa. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Angeonekanaje barabarani juu ya kitu ambacho hakijaombewa? Jumapili iliyofuata kanisa zima lilihamia kwetu. Mchungaji akampaka Mjerumani mafuta kwenye taa, akaomba. Aliombea magurudumu, akaombea breki, akaombea na polisi wa barabarani. Chapati zikaliwa. Jua likaanza kuinama, na Mama akatoka amevaa koti lake zuri, kitambaa cha maua kichwani, tayari kuzungushwa japo mpaka barabarani na kurudi, kama kionjo, kabla ya safari ya Ilbisil.

Mchungaji akasema, "Sasa mimi sijui nitafikaje Isinya."

Watu wote wakamwangalia Baba. Baba akamwangalia Mama. Na Mama, jamani, Mama akatabasamu. "Mpeleke mchungaji kwanza. Mimi niko hapa, siendi mahali."

Ndivyo ilivyoanza. Kwa sababu mgeni hawezi kuambiwa ngoja, na mtumishi wa Mungu ndiyo kabisa. Jumamosi iliyofuata akaja mwalimu wa kwaya, ana mkutano Kajiado. Iliyofuata ikawa mama mkwe wa jirani, ametoka mbali, miguu imevimba. Halafu mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Huyo hakuwa na shida yoyote, wacha niseme wazi. Alitaka tu kuonekana sokoni amekaa juu ya Mjerumani, na mpaka leo nikimwona moyo wangu unafunga mlango. Kila mmoja alikaa kwenye ile ngozi nyeusi yenye nyuzi nyeupe. Mama aliwafungia mayai ya kubeba. Shangazi Kalekye akimwambia, "Mama Mwende, ngoja ngoja huumiza matumbo," Mama alijibu, "Kutangulia si kufika," akarudi jikoni.

Miaka hiyo yote, mara moja tu Mama alikaa kweli. Asubuhi, hakuna wingu, koti limefungwa mpaka shingoni, kofia ya chuma kichwani, injini inaunguruma. Mimi na Ndinda tumesimama mlangoni tunapunga mikono. Ndipo Mzee Lekishon akatokea anakimbia, na mzee wa Kimaasai hakimbii ovyo. Mkewe alikuwa ameumwa na nyoka. Mama alishuka kabla mzee hajamaliza kusema. Alivua koti lake, akasema, "Mfunikeni na hii, kuna baridi." Baba alimkimbiza yule mama hospitali Kajiado, akapona, na wiki iliyofuata Mzee Lekishon alituletea maziwa akasema "ashe oleng", yaani asante sana, tena na tena. Siku hiyo siijutii. Singependa Mama awe mtu wa kukaa pale juu siku kama hiyo. Zile zingine ndizo zinaniuma.

Miaka ikaenda. Mimi nikaenda chuo Nairobi, Ndinda akaolewa. Kitengela ikaanza kuuzwa ploti kwa ploti, ua kwa ua, na nyumbu wakaacha kuja. Kila nilipopiga simu niliuliza, "Mlienda?" Na Mama alicheka. "Mlima unaenda wapi, Mwende? Si uko tu."

Mlima haukwenda. Ni macho yaliyokwenda. Mama alikuwa na sukari, na sukari ikapanda kwenye macho. Kwanza alishindwa kutia uzi kwenye sindano. Halafu akaweka chumvi ndani ya chai ya mgeni, akacheka kuliko wote. Halafu nikaja nyumbani nikamkuta anaigusa meza kabla hajaweka kikombe, na hakucheka. Baba aliingiwa na hofu. Aliwafukuza watu waziwazi, yeye mtu mpole. Mchungaji mwenyewe alikuja kuomba lifti akaambiwa, "Leo hapana, na kesho hapana." Alimfunga Mama mkanda mpana kiunoni, ili asianguke, akamwambia ashike, wakaondoka asubuhi kuelekea Ilbisil.

Mimi sikuwepo. Baba alinieleza baada ya mazishi ya Mama, tukiwa wawili nyuma ya nyumba, bila mimi kumwuliza. Aliniambia walienda polepole. Mama aliimba njia yote, nyimbo za Kitui za kupalilia, upepo ukimjaza mdomo. Kajiado wakapita. Walipofika Ilbisil alisimamisha kando ya barabara, akazima injini, akamshusha. Akamshika kichwa kwa mikono miwili akamgeuza upande wa mlima.

"Ni huko?" Mama akauliza.

"Ni huko. Juu ni mweupe. Chini ni buluu. Umelala, kama alivyosema Mzee Lekishon."

Mama akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Ndio. Nimeuona. Ngai, ni mkubwa! Asante, Baba Mwende."

Nikamwambia Baba, basi ni vizuri, angalau aliuona hata kama ni kivuli. Baba akatikisa kichwa. "Mwende, siku hiyo hakukuwa na mlima. Kulikuwa na mawingu mpaka chini. Mimi mwenyewe sikuuona." Akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na grisi. "Sasa sijui. Sijui kama yeye alijua."

Leo barabara ya Namanga ni laini, dakika chache tu uko Kajiado, na kila kona kuna boda boda na muziki wake na taa zake za disko. Mimi mwenyewe niko na gari, na watoto nyuma wameinamia simu, mlima unapita dirishani hawainui kichwa. Vijana wa sasa hawampishi mtu. Ukingoja boda na mifuko yako na umri wako, kijana anakuruka, anakaa, anakuangalia machoni: "Mathe, mimi ndio nilikuwa wa kwanza." Nilikuwa nawakasirikia sana. Nilisema hawa hawakulelewa. Sisi tulilelewa vizuri mno: mgeni kwanza, mchungaji kwanza, jirani kwanza, na wewe useme niko hapa, siendi mahali. Na bado ndivyo ninavyowafundisha wangu, kwa sababu sijui mafunzo mengine.

Lakini juzi pale stejini, wanapoegesha boda boda, nilimwona msichana amewaruka watu wazima wote, hata mwenyekiti mmoja wa kitu fulani na Biblia yake kwapani, akarukia kiti cha nyuma cha pikipiki. Watu wakaanza kumfokea ashuke, hana adabu, ni mtoto wa nani huyu. Na mimi, mwanamke mzima, binti wa Mama Mwende, nilisimama pale nikasema kimoyomoyo: kaa hapo hapo, mama. Usishuke.