Mtama Upande wa Pili wa Mnazi

Jua linachomoza Micheweni, kisiwani Pemba, na Mwatum Ame keshashika jembe. Kila asubuhi, kabla ya chai, mama huyu wa watoto watatu hupindua lundo la mwani unaooza nyuma ya nyumba. Ni mwani uliokatika baharini, ule ambao wanunuzi hawautaki. Ameuchanganya na samadi ya mbuzi, na mvuke mwembamba unapanda kila jembe linapozama.

Ghafla sauti inaita kutoka shambani.

"Mwatum, hebu njoo huku."

Ni mkwewe, Bi Mize. Jembe linamponyoka mkononi. Mara ya mwisho Bi Mize kutangulia shambani, nusu ya kunde ziliishia motoni.

Shamba hilo la ardhi ya mawe ni mali ya Bi Mize. Mwatum, mzaliwa wa Jadida mjini Wete, aliolewa na Shaame, mwana pekee wa bibi huyo. Shaame alipofariki miaka mitano iliyopita, alimwachia mkewe watoto, kamba za kulimia mwani na kazi ya kulilima shamba hilo lililochoka. Lilikuwa likipandwa mtama juu ya mtama, hadi mavuno ya nusu ekari hayakujaza gunia moja.

Mwatum alianza kwa kukosea.

"Nilitia mwani mbichi kutoka pwani," anasema, akicheka kwa aibu. "Mtama ukaungua kwa chumvi. Jirani yangu Bakar akanambia, mwaka huu uji wenu hauhitaji kutiwa chumvi."

Tangu hapo mwani wake huuacha nje masika yote uoshwe na mvua, ndipo auozeshe.

Bwana shamba Silima ndiye aliyemshauri kupokezana mazao: kunde wakati wa vuli, mtama wakati wa masika. Alimpa pakiti ya unga mweusi wenye bakteria. Mwatum alizilowesha mbegu za kunde kwa maji ya sukari, akazipaka unga huo kivulini, kisha akazipanda jua likishuka, maana jua kali huwaua bakteria hao.

"Bakteria hao hukaa kwenye mizizi ya kunde," anaeleza Silima. "Huichukua nitrojeni iliyomo hewani wakaigeuza chakula cha mmea. Ukivuna kunde, mizizi iache ardhini. Mtama unaofuata hukuta chakula tayari."

Mizizi ikajaa vinundu. Mwatum alivipasua kwa ukucha na ndani vilikuwa vyekundu, dalili kwamba kazi inafanyika. Bi Mize naye alipoviona, aliona maradhi. Asubuhi moja ya vuli iliyopita, Mwatum akiwa pwani anafunga mwani, mkwewe aling'oa kunde zote kutoka ukingoni hadi kwenye mnazi ulio katikati ya shamba, akazitia moto.

"Nilimwambia, mama, vinundu hivyo ndivyo ninavyovitaka," anakumbuka Mwatum. "Akanijibu, mkaza mwanangu, vipele hata kwa mtu havitakiwi."

Hawakugombana. Lakini Mwatum aliishi na hofu miezi yote iliyofuata. Shamba ni la Bi Mize. Akisema basi, ni basi, na chakula cha watoto kinatoka hapo.

Masika yalipoingia alipanda mtama shamba zima, na mboji ya mwani akaitia sawa kila upande.

Sasa mnazi umekuwa mpaka. Upande uliochomwa, mtama unaishia kiunoni na majani yake ni ya njano. Upande wa pili unampita Mwatum kimo, masuke yameinama kwa uzito. Silima anakadiria kwamba nusu hiyo peke yake itatoa magunia mawili. Wanawake wa vijiji jirani wanakuja kutazama, na wengine wanaomba mboji. Mmoja wao, Time, alisimama mguu mmoja huku na mmoja kule, akataka apigwe picha.

Mwatum anafika mbio. Bi Mize amesimama chini ya mnazi, suke mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vuli hii tia kunde kotekote. Kule nilikochoma ndiko uanze."

Mwatum anaitikia kwa sauti ndogo. Ana mpango wa kukusanya mwani wote unaotupwa pwani, autengeneze uwe mboji ya kuwatosha wanawake waliomwomba, na yeye ampe kila mmoja mbegu za kunde za kuanzia. Anamweleza mkwewe, naye anatikisa kichwa kukubali.

Lakini Bi Mize haondoki. Analigeuzageuza lile suke.

"Siku ile nilidhani shamba limeugua," anasema, macho kwenye mtama. "Nikasema, hili likifa, mkaza mwanangu atachukua watoto arudi kwao Jadida, na mimi nibaki na nani. Sikutaka uondoke, Mwatum. Ndilo nililotaka kukwambia."

Mwatum anajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Niende wapi, mama," anajibu, "na mwani wangu haujaoza?"