Siku Nilipomfunga Nguru Bafta

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shemeji yangu Khamis, maana yeye akiisimulia huigiza mpaka sura yangu: mimi ndiye yule mtu wa Ruwi aliyepewa taazia kwa sababu ya samaki. Nimeshikwa mkono, nimekumbatiwa, nimeombewa subira, na aliyelala pale katikati ya majlis, chumba chetu cha wageni, alikuwa nguru wa kilo sita.

Lakini kwanza mjue mimi ni nani, msije mkadhani ni mtu wa kubahatisha jikoni. Nilianza kwa kumenya vitunguu katika hoteli moja hapa hapa Maskati, hakuna mjomba aliyenipigia simu wala ami aliyenishika mkono, nikajikusanyia nauli, nikaenda Japani, nikaosha sahani miaka miwili huku najifunza lugha yao, mpaka nikatoka na diploma ya upishi yenye muhuri mwekundu (jina langu wamelikosea herufi moja, lakini muhuri ni halali). Nilirudi na visu vinne, sufuria ndefu ya kuchemshia samaki mzima, na pakiti ya mbegu za shiso.

Shiso ni jani la Kijapani, pembeni lina meno kama msumeno, na harufu yake imesimama katikati ya nanaa na mrehani, halafu kwa mbali inakuletea bizari nyembamba. Nililipanda kwenye makopo ya maziwa, chini ya maji yanayotona kutoka kwenye kiyoyozi, na msimu wa baridi ulipoingia likastawi. Jani hili lina tabia zake. Linapenda kitu chenye mafuta, linapenda uchachu, na halitaki kelele za viungo vingi. Ukilitupa ndani ya biriani limepotea, lakini ukilipa samaki mnono, tangawizi mbichi na ndimu, utashangaa. Haya nilikuwa nawasomesha watu wa nyumbani asubuhi na jioni, na dada yangu Ruweida alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza tangazo la biashara redioni.

Basi nikaposa. Aziza ni mfamasia, kwao Quriyat, na wazee wake wametoka Unguja kama wetu. Baba yake, Sheikh Nassor, hakuwa na neno. Aziza mwenyewe hakuwa na neno (alikwisha kuniambia kwa simu, lakini hilo libaki baina yetu). Jibu lilikuwa mikononi mwa bibi yake, Bi Zuwena, aliyemlea tangu mchanga, na Bi Zuwena alisema hatoi jibu mpaka aje kwetu ale, aone mjukuu wake anakwenda kuishi na watu gani. Tukakubaliana Ijumaa, baada ya sala.

Ruweida akasema atapika biriani ya kuku. Na hapo, kwa mdomo wangu huu, nikasema hapana. Nikamwambia biriani kila nyumba inapika, bibi wa watu hawezi kutoka Quriyat kuja kula alichokiacha Quriyat, mimi nitampikia kitu ambacho Maskati nzima haijakila. Mpango wangu ulikuwa hivi: nguru mzima, tumboni majani ya shiso kwa tangawizi na ndimu kavu, juu anyunyiziwe maji ya mawaridi ya Jabal Akhdhar, maana nilikuwa nimegundua (kwa pua yangu, si kwenye kitabu) kwamba shiso na waridi vinapatana. Kisha afungwe kwenye kitambaa asije akapasuka majini. Ndivyo tulivyofundishwa.

Alfajiri nikaenda Sidab kwa wavuvi, nikachagua nguru karibu mita moja. Kutoka hapo nikarudi Ruwi kwenye duka la vitambaa, nikamwambia mzee wa dukani nataka bafta nyeupe. Akaniuliza kwa upole ni ya mtu mzima au ya mtoto. Nikaona anataka vipimo, nikamwonesha urefu kwa mikono miwili, nikaongeza kwamba ni mfupi lakini mnene. Akakata, akakunja vizuri, na bei akapunguza kabla sijamwomba. Nikatoka nikisema moyoni, watu wa Ruwi bado wana ihsani.

Ruweida aliponikuta jikoni, nguru alikwisha kutiwa majani, kunyunyiziwa mawaridi na kuviringishwa, na nilikuwa nafunga vipande vya bafta ile ile: kimoja kichwani, kimoja kiunoni, kimoja mkiani. Akasimama mlangoni. Akamtazama samaki, akanitazama mimi.

"Kaka, mfungue," akasema. "Nakuomba. Muweke kwenye sahani kama samaki."

Nikamjibu kwamba yeye hajui kitu, hii ni fani, na ndiyo maana sisi watu wa hapa hatuendi mbele. Akaondoka kwenda kupika wali, na sijui kwa nini lile ombi lake halikunishtua.

Nguru alipoiva, tatizo la pili likawa sinia. Hakuna sinia la mita moja nyumbani kwetu, kwa hiyo Khamis, mume wa Ruweida, akatoa ubao wa rafu kabatini, akausugua kwa sabuni, tukamlaza nguru wetu juu yake. Tukafika mlango wa majlis. Wageni wameketi chini, vitoto vimejaa njiani, hakuna pa kupita, nikamwambia Khamis tuinue. Tukainua ubao mpaka begani, yeye mbele mimi nyuma, tukaingia polepole ili mchuzi usimwagike.

Sheikh Nassor alikuwa katikati ya maneno ya bei za viwanja. Alipotuona akasimama. Ndugu zake wawili wakasimama. Mmoja wao akasema la ilaha illa Allah kwa sauti ya chini, sauti ya mtu ambaye mdomo umemtangulia. Nikafurahi (Mungu anisamehe), nikaona hii ndiyo heshima inayomstahili mpishi mwenye diploma.

Tukaweka chini. Mvuke ukapanda, na chumba kizima kikanuka mrehani na mawaridi. Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye kiti peke yake kwa sababu ya magoti, Aziza pembeni yake. Bibi alikuwa amemaliza eda ya mumewe miezi miwili tu nyuma. Akautazama ule weupe wenye mafundo matatu, akavuta pumzi, akasema, "Salim wangu," akaangua kilio.

Mnajua kilio cha bibi mmoja hakibaki cha mmoja. Mabinti zake wakafuata. Mzee wa ghorofa ya chini yetu akapanda mbio, akachungulia, akaona ubao, akaona bafta, akaona wanawake wanalia. Akanishika mkono na kuniambia Mungu akuze ujira wangu, na mimi, mtoto niliyelelewa vizuri, mdomo ukamjibu kama ulivyofundishwa tangu udogoni, Mungu akuze ujira wetu sote. Lilikuwa kosa kubwa kuliko la bafta, maana ukishaitikia taazia, umethibitisha. Alishuka, na jengo letu lina kundi la simu.

Kabla robo saa haijapita ngazi zimejaa viatu. Mmoja kaja na chupa ya kahawa, mwingine na katoni za maji. Najaribu kueleza, wananikumbatia zaidi, wanasema nitulie, huzuni huchanganya akili. Baniani wa ghorofa ya tatu, ambaye tangu nihamie hatujawahi kusalimiana, alinishika bega machozi yakimlenga. Mzee mmoja akaniuliza tunazika saa ngapi. Nikamwambia hatuziki, tunakula.

Bi Zuwena akaacha kulia, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akainama mbele.

"Nnauliza," akasema. "Nani kamvika samaki sanda?"

Nitawaambia ukweli, nilikuwa na majibu mawili tayari. La kwanza, ni mila ya Kijapani. La pili nilikuwa bado naliremba, ndipo nikamsikia Ruweida mlangoni, sahani ya wali mkononi, akisema, "Ni mimi, bibi, uniwie radhi, nimefanya haraka."

Alikuwa anaibeba aibu yangu mbele ya watu wote wale ili posa yangu isiharibike. Na Aziza alikuwa ananitazama.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi, bibi. Yeye alinikataza, nikamwambia hajui kitu. Nimekosa."

Neno lenyewe lilinitoka kama mwiba wa samaki kooni. Nikapiga magoti, nikafungua mafundo yote matatu kwa mikono yangu, nikaitoa ile bafta, na nguru akaonekana nguru, mnono, anang'aa. Khamis ndiye aliyeanza kucheka, akajifanya anakohoa. Kisha Sheikh Nassor mabega yakaanza kumtikisika, na baada ya hapo hakubaki mtu. Waliokuja kutuhani wakaambiwa wakae, wakakaa, wakala (kahawa yao pia tulikunywa).

Bi Zuwena alionja polepole. Akalichomoa jani moja, akalinusa, akalitafuna peke yake.

"Jani lako halina neno," akasema. "Marashi yatoe. Tia embe mbichi."

Nikafungua mdomo nimweleze kuhusu waridi na shiso, nikaufunga. Wiki ile ile nilijaribu, na nilikasirika kuona alikuwa kasema kweli: uchachu wa embe mbichi unaliamsha lile jani kuliko ndimu yangu, na waridi nilikuwa nimelipachika tu kwa majivuno.

Walipokuwa wanavaa viatu nilisimama kwenye korido kama mtuhumiwa. Bi Zuwena akamshika mwanawe, Sheikh Nassor, mkono, akamwambia kwa sauti niisikie, "Mpeni. Nlokuwa nnaogopa mwanamme asojua kusema kakosa, na huyu kasema mbele ya jengo zima. Lakini siku ya harusi asitie mguu jikoni."

Sikutia. Niliketi na joho langu nikala biriani ya kuku ya Ruweida, na ilikuwa nzuri, na nilimwambia ni nzuri.

Nimeapa kwamba sitompikia tena mtu ninayemheshimu bila ya kumuuliza kwanza anayemjua kuliko mimi. Sasa nina mgahawa wangu mdogo, na sahani inayoagizwa sana ni nguru kwa shiso na embe mbichi. Wateja wakiuliza nani kabuni mchanganyiko huo, nawaambia ni bibi wa mke wangu. Nasema kwa sauti ndogo, lakini nasema.