Nguruwe Mmoja, Majaruba Sita

Nakumbuka asubuhi niliyokwenda zahanati na rungu mkononi, mwanangu, nimeazimia kumpiga mtu aliyekuwa akimwokoa dada yangu. Jambo hili nimelinyamazia miaka mingi kwa aibu. Lakini juzi nilikwenda sokoni Kilosa, nikamkuta kijana na kipaza sauti anauza chupa za maji ya kijani: "Inaongeza kinga ya mwili maradufu! Homa, kifua, nimonia, kwisha!" Na kina mama wananunua, watoto wako mgongoni wanahema juu juu. Damu ilinichemka. Kinga maradufu! Yule anajua kinga ni kitu gani? Basi kaa nikueleze, maana mimi nilifundishwa, na aliyelipa ada hakuwa mimi.

Wakati ule tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa huku bondeni Tindiga. Nyumba zimepangwa mistari, udongo wa kuta haujakauka vizuri. Elimu yangu ilikuwa darasa la nne, lakini ndoto zangu hazikuwa na darasa. Nilisikia kijiji kitapewa trekta, nikajiona tayari nimelikalia, nalipeleka mpaka Mikumi, tembo wananipisha njia. Usicheke. Kijana asiyeota ndoto ni mzee aliyechelewa kuota mvi.

Shamba la kijiji lilikuwa la mpunga, limegawanywa majaruba yenye matuta ya kuzuia maji. Dada yangu Zuhura, ambaye mimi nilimtangulia kuzaliwa, ndiye aliyeanzisha nyimbo wakati wa kupalilia. Akivuta pumzi moja, anamaliza ubeti mzima. Watu wakichoka walikuwa wakimwambia, "Zuhura, tuvushe," naye anawavusha.

Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, akaingia nguruwe pori. Mmoja tu! Kina mama walikuwa na desturi yao: wanapiga madebe upande mmoja, upande wa pili wanaacha njia wazi, nguruwe anatoka kwa miguu yake mwenyewe. Sisi vijana tukauona huo ni woga. Tukamzunguka kwa marungu na mbwa, kila mtu anataka awe shujaa, na mimi, kwa akili zangu za trekta, nikatia moto matete makavu ya kandokando ili akose pa kujificha. Moto hauna adabu, mwanangu. Nguruwe tulimuua, ndiyo. Yeye alikuwa amekula pembe ya jaruba moja. Majaruba sita tuliyakanyaga na kuyaunguza sisi walinzi. Na tukarudi nyumbani tunaimba!

Wiki haijaisha, Zuhura akaanguka kitandani. Homa kali, kichomi ubavuni, kohozi la rangi ya kutu, mbavu zinabonyea kila akivuta hewa. Tukampeleka zahanati. Mganga wa pale aliitwa Bwana Pius, mtu mfupi, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akasikiliza kifua, akasema ni nimonia, akamchoma sindano ya penisilini. "Mleteni asubuhi na jioni," alimwambia mama. "Asikose hata moja."

Siku ya pili jioni homa ilikuwa imeshuka kidogo, lakini Zuhura anahema vibaya kuliko siku tuliyompeleka. Ndipo rafiki yangu Athumani, ambaye maishani mwake hajawahi kutibu hata kuku, aliponisimamia mlangoni.

"Sindano hizo zinamchoma mapafu," akasema, mama anasikia. "Na wewe kaka mtu umekaa tu. Unangoja ukachimbe kaburi?"

Mama akaangua kilio. Zuhura alikuwa akipiga kelele kila akichomwa, na mama hakuweza tena kuzisikia kelele zile. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikakata shauri: sindano basi. Tumpe nguvu apigane mwenyewe! Nikachinja kuku, nikachemsha supu ya pilipili na mizizi niliyoelekezwa na huyohuyo Athumani. Supu haikuwa na kosa. Kosa ni mimi kuiweka mahali pa dawa. Siku nzima ikapita bila sindano, na asubuhi iliyofuata midomo ya dada yangu ilikuwa imegeuka rangi kama zambarau mbivu. Unadhani nilijilaumu? Thubutu! Nilichukua rungu.

Bwana Pius nilimkuta anachemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa. Sikumwamkia. Akalitazama rungu, kisha akanitazama mimi.

"Marahaba," alisema. "Siku hizi shikamoo inaletwa na rungu?"

"Umemuua dada yangu!"

"Amekufa?"

"Bado, lakini..."

"Basi punguza kelele tusimcheleweshe. Jana mbona sikumwona?"

Nikamweleza habari za supu. Hapo ndipo yule mtu mpole alipofura. Sijawahi kuona mfupi akirefuka namna ile.

"Si wewe uliyetuchomea mpunga?"

"Alikuwa nguruwe, Bwana Pius."

"Nguruwe alikula pembe! Yaliyobaki aliyala nani?" Akanipokonya rungu, akalitupa nje. "Nisikilize, maana sirudii. Mdudu wa nimonia ndiye nguruwe. Kaingia mapafuni mwa dada yako. Mwili una askari wake ndani ya damu, wanakimbilia kumpiga, na ni wajibu wao. Bila wao dada yako asingefika hata hapa kwangu. Lakini silaha zao hazichagui. Sumu ileile inayomuua mdudu inaunguza na kuta za mapafu. Mishipa inavuja. Vile vifuko vidogo vya hewa vinajaa maji na usaha, na hewa inakosa pa kukaa. Sindano yangu inawamaliza nguruwe, ili askari wapate kutulia na kurudi kwao. Uchafu wa vita hauondoki kwa siku mbili! Wewe umeona majaruba yamekanyagwa, ukalilaumu debe, yaani sindano yangu. Na tangu ulipolinyamazisha debe, nguruwe wamezaana, na askari wamewasha moto upya. Beba huo mkoba wangu. Twende."

Nikaubeba, mwanangu, machozi yananitoka kama mtoto aliyeanguka na kibuyu. Alimchoma sindano palepale kitandani, kisha akalisimamisha lori la ushirika lililokuwa linapeleka pamba Kilosa. Mama alimpakata Zuhura kichwa, mimi nikashika miguu, Bwana Pius akakaa juu ya magunia, kidole chake kwenye mkono wa mgonjwa njia nzima, anahesabu mapigo. Hospitali ya wilaya wakampa hewa ya mtungi na wakaendelea na sindano. Nilikaa nje ya wodi ile siku nyingi, na kila kikohozi nilichosikia ndani nilijua kina jina langu.

Alipona. Ila Bwana Pius alituambia wazi kwamba sehemu ya pafu imebaki kovu, haitavuta hewa tena. Msimu uliofuata, watu walipochoka shambani wakamwambia, "Zuhura, tuvushe." Akaanza vizuri. Katikati ya ubeti pumzi ikakatika. Wanawake wakaudaka wimbo wakammalizia, wala hakuna aliyemcheka, lakini mimi nililitupa jembe nikaenda kusimama nyuma ya matete.

Sasa unaelewa kwa nini nakasirika? Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine ni kilekile kinachokulinda. Halafu anakuja mtu na kipaza sauti kuniuzia maradufu! Maradufu ya nini? Ya moto?

Ukimwona mtoto anahema haraka, mbavu zinabonyea, usingoje ushauri wa Athumani. Mpeleke hospitali. Akipewa dawa, amalize, hata kama amekwisha kuanza kucheza. Akiwa bado anahema vibaya, mrudishe kwa mganga wa hospitali mbio, usimfiche nyumbani. Supu mpe, tena mpe kwa wingi, lakini na dawa anywe. Na hili lisiishie kwenye kifua. Ukiwa mlinzi wa kitu, iwe nyumba, ndoa au kijiji, kabla hujawasha moto jiulize nguruwe amekula kiasi gani. Hasira hasara, wenzangu waliitamka tu, mimi niliipalilia na kuivuna.

Zuhura yupo, alhamdulillahi. Anaishi Ruhembe kwa binti yake, kwenye miwa. Nikienda kumtembelea anatoka kunilaki, na katikati ya njia anasimama, mkono kiunoni. "Ngoja kaka," ananiambia, "napita pale ulipochoma." Kisha anacheka, na ninamngoja. Nitamngoja siku zangu zote.

Nenda, mwanangu. Mola akupe pumzi ya kumaliza ubeti wako, na siku utakapopandwa na hasira, akuwekee mlangoni mtu mfupi wa kukupokonya rungu.